Kipimo kwa Swali Lake: Takwimu na Utafiti wa Afya Kisiwani Pemba

Kuchagua kipimo cha takwimu ni kazi inayotangulia namba. Kabla fomu ya kwanza haijajazwa, mtafiti hupaswa kujua anauliza nini, anampima nani, atampima mara ngapi, na kama kura ya kugawa dawa itapigwa kwa mtoto mmoja mmoja, kwa nyumba, kwa skuli au kwa shehia nzima. Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua kama data zitaingia katika kipimo cha t, cha kai mraba, cha Wilcoxon au katika njia nyingine. Kisiwani Pemba kazi hii ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Kwa takriban miaka 40 watoto wa kisiwa hiki wamepimwa damu, mkojo na choo katika tafiti ambazo baadhi yake zimebadilisha miongozo ya afya duniani, na karibu kila somo la uchaguzi wa kipimo linaweza kufundishwa kwa mifano ya hapa hapa.

Ncha ya kaskazini ya kisiwa, katika rasi ya Kigomasha, ndiko iliko Msuka, Wilaya ya Micheweni. Wanahistoria huitaja kwa magofu ya msikiti wa Msuka Mjini, ambao ndani ya kibla chake umechorwa mwaka 816 wa Hijria, sawa na 1413 au 1414. Kwa wataalamu wa takwimu za afya eneo hilo lina sifa nyingine. Konde, mji mdogo wa jirani, ulikuwa mmoja wa vituo viwili vya Zanzibar vya kufuatilia vimelea vya matende na mabusha. Kingine kilikuwa Kizimkazi, Unguja. Micheweni nayo ndiyo wilaya ya Pemba iliyochaguliwa kwa uchunguzi wa malaria uliorudiwa mara kadhaa tangu 2003.

Vipimo vyenyewe vilitoka mbali, na kila kimoja kilizaliwa na shida mahususi. Karl Pearson alitoa kipimo cha kai mraba mwaka 1900 ili kulinganisha hesabu zilizoonekana na zile zilizotarajiwa. William Gosset, mkemia wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, alikuwa na sampuli ndogo mno za shayiri, na mwaka 1908, kwa jina la kalamu la Student, akachapisha msingi wa kipimo cha t. Ronald Fisher, katika kitabu chake cha 1925, alieneza desturi ya kuiona tofauti kuwa ya kuzingatiwa iwapo uwezekano wa kuipata kwa bahati tu, pasipo tofauti yoyote ya kweli, yaani thamani ya p, ni chini ya 0.05. Frank Wilcoxon mwaka 1945, kisha Mann na Whitney mwaka 1947, walitafuta njia ya kulinganisha makundi kwa kupanga namba kwa daraja, bila kudai kwamba zimetawanyika kwa ulinganifu kuzunguka wastani. Mwaka huo huo wa 1947 Quinn McNemar alishughulikia majibu ya ndiyo na hapana yanayotoka kwa mtu yule yule mara mbili. Mwaka 1972 David Cox akatoa mfumo wa kuchambua muda unaopita hadi tukio litokee. Anayeijua historia hii hashawishiki kuvitumia vipimo hivyo kama dawa moja ya kila ugonjwa.

Pemba iliingia katika habari hii kwa njia ya kichocho. Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa kukidhibiti kisiwani, na swali la kwanza lilikuwa la gharama. Kuchuja mkojo na kutafuta mayai kwa hadubini kunataka fundi na muda, ilhali karatasi ya kuchovya inayobadilika rangi ikikuta damu hutoa jibu papo hapo mbele ya mwalimu. Lorenzo Savioli na Kenneth Mott walichapisha mwaka 1989 maelezo ya namna uchunguzi huo wa bei nafuu ulivyoweza kufanyika katika huduma za afya ya msingi. Hapa ndipo mwanafunzi wa takwimu hujikwaa mara nyingi. Mkojo wa mtoto mmoja umepimwa kwa njia mbili, basi majibu mawili yanakwenda jozi. Kai mraba wa kawaida hudhani watu waliomo katika safu moja si wale waliomo katika safu nyingine, na kwa hiyo haufai. Kinachofaa ni kipimo cha McNemar, ambacho huangalia wale tu ambao njia mbili zimetofautiana: waliokutwa na damu bila mayai, na waliokutwa na mayai bila damu. Na hata hicho hujibu tu kama njia moja huwakuta wagonjwa wengi kuliko nyingine. Kwa daktari wa kijiji swali kubwa zaidi ni karatasi inawakosa wagonjwa wangapi na inawasingizia wazima wangapi, na swali hilo hujibiwa kwa asilimia mbili zilizoandikwa pamoja na mipaka yake ya uhakika, bila thamani ya p yoyote.

Miaka ya 1990 ilileta safura na upungufu wa damu. Rebecca Stoltzfus na wenzake walichapisha mwaka 1997 uchunguzi wa wanafunzi 3,595 wa Pemba, ambao asilimia 62.3 walikuwa na himoglobini chini ya gramu 110 kwa lita. Walikadiria kwamba robo ya upungufu wote wa damu, na asilimia 73 ya ule mkali, ilitokana na minyoo ya safura. Makadirio ya namna hiyo hayapatikani kwa kulinganisha wenye minyoo na wasio nayo na kuishia hapo. Mtoto mwenye safura aghlabu ana minyoo mingine pia, anaweza kuwa na malaria, na umri wake una athari yake mwenyewe. Ndiyo maana tafiti za aina hii hutumia urejeleo wenye vigezo vingi, ambao humlinganisha mtoto na mwenzake wa umri na hali inayokaribiana. Jambo la kukumbuka ni kwamba himoglobini ikiachwa kama namba hutaka urejeleo wa mstari, na ikigeuzwa kuwa "ana upungufu" au "hana" hutaka urejeleo wa lojistiki. Kugeuza huko hupoteza habari: mtoto wa gramu 109 na wa gramu 60 huhesabiwa sawa.

Katika miaka hiyo hiyo mpango wa kutoa dawa za minyoo maskulini ulipimwa kwa skuli 12 za Pemba. Skuli ziligawanywa katika mafungu matatu: zisizopewa dawa kwa wakati huo, zilizopewa mebendazole mara mbili kwa mwaka, na zilizopewa mara tatu. Utafiti huu unastahili kuangaliwa kwa kirefu, maana mpangilio wake unakaribisha kosa linalorudiwa mara nyingi katika tasnifu za wanafunzi wa afya: kumhesabu mtoto kuwa ndiye aliyepigiwa kura ilhali iliyopigiwa kura ni skuli.

Wanafunzi wa skuli moja wanafanana. Wanakunywa maji ya visima vilevile, wanakanyaga udongo uleule, na mwaka wa mvua nyingi huwapata wote. Mtoto wa Msuka na jirani yake wa darasa moja hawaleti habari mbili kamili. Wa pili huleta habari ambayo sehemu yake imekwisha kuletwa na wa kwanza. Takwimu hupima kufanana huko kwa uwiano unaoitwa ro, na ukubwa wa hasara hupatikana kwa kuchukua idadi ya watoto katika kila skuli, kutoa moja, kuzidisha kwa ro, kisha kuongeza moja. Chukua mfano wa kufikirika wa skuli 12 zenye watoto 300 kila moja, na ro ya 0.05, ambayo ni ndogo. Hesabu inatoa 15.95. Maana yake, watoto 3,600 wana uzito wa habari wa watoto kama 226 waliochaguliwa mmoja mmoja. Anayewaingiza wote 3,600 katika kipimo cha t kana kwamba kila mmoja anajitegemea atapata thamani ya p ndogo mno, naye atatangaza ushindi ambao data zake haziuungi mkono. Njia sahihi ni ama kulinganisha wastani wa kila skuli, yaani namba 12 tu, ama kutumia mifumo inayotambua ngazi mbili, ya mtoto na ya skuli. Njia moja maarufu ya jamii hiyo, ile ya Liang na Zeger, ilikuwa imechapishwa mwaka 1986, kwa hiyo watafiti wa miaka ya 1990 walikuwa nayo mkononi.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2001, ulihusu watoto 614 wa kati ya miezi 6 na 59. Ulipima vitu viwili kwa pamoja: matone ya madini ya chuma kila siku na mebendazole kila miezi mitatu. Kwa mpangilio huo kila mtoto huangukia moja ya mafungu manne: vyote viwili, chuma tu, dawa ya minyoo tu, au vyote bandia. Faida yake ni kwamba watoto wale wale hujibu maswali mawili. Sharti lake ni kuuliza kwanza kama athari ya kimoja hubadilika kikiwapo kingine, na kipimo cha mwingiliano huo lazima kiwe kimepangwa tangu mwanzo. Chuma kilionekana kuendeleza lugha ya watoto, na kuendeleza matumizi ya viungo kwa wale tu walioanza na damu pungufu sana.

Mwaka 2000 ilifunguliwa Wawi, karibu na Chake Chake, Maabara ya Afya ya Jamii iliyopewa jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa vimelea kutoka Italia aliyefariki mwaka 1993. Tangu hapo Pemba ilikuwa na mahali pake pa kuhifadhi sampuli na kuingiza data, pakiwa na mafundi wa kisiwa chenyewe waliozoea kazi ya muda mrefu. Bila msingi huo utafiti wa chuma na zinki haungewezekana.

Utafiti huo ulianza mwaka 2002 chini ya Sunil Sazawal, Robert Black na wenzao. Watoto wa mwezi 1 hadi 35 waligawiwa kwa kura: 7,950 wapewe chuma na asidi ya foliki, 8,120 wapewe hivyo pamoja na zinki, na 8,006 wapewe kidonge bandia. Tarehe 19 Agosti 2003 kamati huru ya usalama ilipendekeza mafungu ya chuma yasimamishwe, na yakasimamishwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba waliopewa chuma walikuwa na hatari kubwa zaidi kwa asilimia 12 ya kufariki au kulazwa kwa ugonjwa mkali, mipaka ya uhakika ikiwa asilimia 2 hadi 23, na p ikiwa 0.02.

Uzito wa namba hizo unadai maelezo ya namna zilivyopatikana. Kwanza, watoto hawakuingia siku moja. Mmoja alifuatiliwa miezi mingi, mwingine wiki chache. Mwingine alihama na wazazi wake kwenda Unguja. Kulinganisha asilimia za waliolazwa kwa kai mraba kungemhesabu aliyefuatiliwa mwezi mmoja sawa na aliyefuatiliwa mwaka. Ndiyo sababu data za aina hii huchambuliwa kwa njia za muda hadi tukio, za ukoo wa Cox, ambazo humhesabia kila mtoto siku zake alizokuwa chini ya uangalizi. Pili, mtoto mmoja anaweza kulazwa mara tatu, na matukio ya mtu mmoja hayajitegemei. Mfumo lazima ulitambue hilo. Tatu, kamati huangalia data mara kadhaa kabla mwisho haujafika. Anayefungua data mara tano, kila mara akitumia 0.05 ileile, huwa na uwezekano wa takriban asilimia 14 wa kuona tofauti isiyokuwepo. Kwa hiyo mipaka ya kusimamisha utafiti huwekwa mikali zaidi, na huandikwa mapema.

Kisha liko suala la tukio lililochaguliwa. Vifo peke yake viliongezeka kwa asilimia 15, lakini mipaka ya uhakika ilikwenda kutoka pungufu ya asilimia 7 hadi ongezeko la asilimia 41, na p ilikuwa 0.19. Msomaji wa haraka angesema "chuma hakikuongeza vifo". Data hazisemi hivyo. Zinasema tu kwamba idadi ya vifo haikutosha kutenganisha madhara na bahati, na ndiyo maana vifo na kulazwa viliunganishwa. Uchunguzi wa ndani wa watoto wachache zaidi ulionyesha kwamba waliokuwa na upungufu wa chuma na wa damu walinufaika, na madhara yalielemea wasiokuwa na upungufu. Utafiti pacha wa Nepal, pasipo malaria kali, haukuona madhara hayo. Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliubadilisha ushauri wao kuhusu chuma kwa watoto wa maeneo ya malaria baada ya Pemba. Familia zilizokubali watoto wao washiriki zinastahili kutajwa kwa heshima kila namba hizi zinaposomwa.

Upande wa zinki uliendelea na kuchapishwa mwaka 2007, ukiwa na watoto 42,546. Vifo vilipungua kwa asilimia 7, na p ilikuwa 0.29. Kwa watoto wa mwaka mmoja na zaidi upungufu ulikuwa asilimia 18, p ikiwa 0.045, kwa wachanga zaidi haukuwepo. Je, zinki huwaokoa wakubwa? Kulinganisha p mbili, moja juu na moja chini ya 0.05, hakujibu swali hilo. Linalojibu ni kipimo cha mwingiliano kati ya umri na dawa. Tena kila mgawanyo mpya wa data ni fursa mpya ya kudanganyika: ulinganisho 20 usio na tofauti yoyote ya kweli una uwezekano wa asilimia 64 wa kutoa angalau mmoja unaoonekana kuwa na maana.

Mayai ya minyoo yana tabia yake. Kwa njia ya Kato-Katz fundi hupima miligramu 41.7 za choo, huhesabu mayai, kisha huzidisha kwa 24 ili apate idadi kwa gramu. Chukua watoto watano wa kufikirika wenye mayai 0, 24, 48, 120 na 9,600. Wastani wao ni 1,958, namba isiyomwakilisha hata mmoja wao. Namba ya kati ni 48. Minyoo hujilimbikiza kwa wachache, na data za namna hiyo hukivunja kipimo cha t sampuli zikiwa ndogo. Mtafiti anaweza kupanga namba kwa daraja na kutumia Mann-Whitney, kutumia mfumo wa binomia hasi, au kuchota upya kutoka data zile zile maelfu ya mara ili kupata mipaka ya uhakika, njia aliyoipendekeza Bradley Efron mwaka 1979.

Utafiti wa Pemba uliochapishwa mwaka 2014, wa watoto 480 wenye minyoo mjeledi, unaonyesha kwa nini uchaguzi huo si mdogo. Oxantel pamoate pamoja na albendazole iliponya asilimia 31.2, na mebendazole asilimia 11.8. Hizo ni asilimia za waliopona, na hulinganishwa kwa kai mraba au urejeleo wa lojistiki. Kwa kipimo hicho dawa hiyo ya mchanganyiko inaonekana dhaifu, maana theluthi mbili hawakupona. Lakini mayai yalipungua kwa asilimia 96.0, dhidi ya 75.0 kwa mebendazole. Daktari anayemtibu mtoto mmoja huuliza kama amepona. Mpango wa taifa huuliza ni mayai mangapi yameacha kuangukia udongoni, na kwa swali hilo dawa ile ile ina nguvu kubwa.

Utafiti wa kupaka klorheksidini vitovu vya watoto wachanga 36,911, uliochapishwa mwaka 2016, ulikuta vifo 10.5 kwa kila 1,000 kwa waliopakwa na 11.7 kwa wasiopakwa, uwiano wa 0.90 na mipaka ya 0.74 hadi 1.09. Mipaka hiyo ni ya thamani kuliko p ya 0.27 iliyoambatana nayo, kwa kuwa inaeleza ukubwa wa faida, na wa hasara, ambao bado data zinauruhusu.

Kufanikiwa kwa mipango ya afya kumebadilisha hata vipimo. Konde na Micheweni, mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilikuwa na wagonjwa wa kutosha kulinganishwa kwa kai mraba. Kila duru ya uchunguzi wa malaria ilichukua watu wapya, hivyo duru moja haikwenda jozi na nyingine, na kilichobaki kuangaliwa ni mafungu ya kijiji na kaya. Malaria ilipopungua sana, visanduku vya jedwali vikabaki na watu wawili au watatu. Kai mraba hudhoofika pale hesabu inayotarajiwa inapokuwa chini ya 5, na kipimo halisi cha Fisher hushika nafasi yake.

Hali hiyo ndiyo iliyopo sasa kwa kichocho. Utafiti wa ZEST, ulioanza 2011 na kumalizika 2017, ulipiga kura kwa shehia, 45 Pemba na 45 Unguja, kulinganisha dawa peke yake, dawa na kuua konokono, na dawa na elimu ya kubadili tabia. Tofauti ya wazi kati ya mafungu hayo matatu haikupatikana. Ugonjwa ulikuwa umeshuka kila mahali. Utafiti uliofuata, SchistoBreak, ulifanyika kuanzia 2020 hadi 2024 katika shehia 20 za kaskazini mwa Pemba, ukitenganisha zenye maambukizi yaliyobaki na zile ambazo karibu hayapo.

Katika shehia za kundi la pili swali la tofauti kati ya makundi linakosa nguvu, na linaibuka la sufuri. Iwapo watu 300 wamepimwa na hakuna hata mmoja aliyekutwa na yai, haiwezekani kuandika kwamba ugonjwa umekwisha. Kanuni inayotumika ni kugawa 3 kwa idadi ya waliopimwa, na jibu, hapa asilimia 1, ndilo mpaka wa juu wa maambukizi kwa uhakika wa asilimia 95. Ili kuushusha mpaka huo hadi asilimia 0.1 lazima wapimwe watu 3,000, na iwapo wanatoka skuli chache zinazofanana ndani yake, lazima wawe wengi zaidi.